Mbwa akianguka ghafla, usikimbilie sindano ya kifo

Kama unafuga mbwa hapa mjini, hebu nikuulize swali moja kabla hujafungua ukurasa mwingine. Asubuhi unatoka nje na sahani ya chakula, unamkuta mbwa wako amelala ubavu, mboni za macho zinamcheza, kichwa kimepinda upande mmoja, na kila akijaribu kusimama anazunguka duara kama mtu aliyelewa chang'aa. Jana alikuwa mzima. Utafanya nini?

Nitakwambia nilichofanya mimi, na wala sisemi kwa kujivuna.

Bosco alikuwa na umri wa miaka minane, nusu mbwa wa aina ya polisi na nusu mbwa wa mtaani, mlinzi wa ploti yetu huko Buruburu. Alfajiri moja soja wetu wa usiku alinigongea dirisha. "Mzee, Bosco haamki vizuri." Nilipotoka nilimkuta katika hali hiyo niliyoieleza. Majirani walikusanyika, na kama ilivyo ada yetu kila mmoja alikuwa daktari. Mmoja alisema wezi wamemlisha sumu, akaleta nusu lita ya maziwa. Wa pili alisema hicho ni kichaa cha mbwa, akawafungia watoto wake ndani. Wa tatu, ambaye babake alikuwa amepooza upande mmoja, alitikisa kichwa na kusema ni kiharusi tu, hakuna zaidi.

Nilimpakia Bosco garini hadi kwenye kliniki moja ambayo sitaitaja. Daktari alimtazama kwa muda usiozidi dakika tano. "Mzee, huyu amekwisha," aliniambia. "Ubongo umevuja damu. Ukimwacha unamtesa bure." Nikamuuliza kama kuna kipimo cha kuthibitisha hayo. Akanijibu kwamba vipimo vya ubongo ni vya binadamu. Nikatia sahihi, sindano ikadungwa, na jioni hiyo hiyo tukamzika kando ya ua.

Siku ya nne Malkia, jike tuliyekuwa tumemfuga pamoja na Bosco, alianza kutokwa na damu puani. Fizi zake zilikuwa nyeupe kama karatasi. Safari hii nilikwenda kwa daktari mwingine, msichana aliyekuwa hajamaliza hata miaka mitatu kazini. Alichota damu kidogo mguuni, akaitia katika kichupa cha kioo, akakifumbata kiganjani ili kipate joto, kisha akaikodolea macho saa ya ukutani. Dakika ishirini zikapita, damu ingali maji matupu. "Mzee," akasema, "nyumbani mmeweka sumu ya panya?" Sisi hatukuweka. Walioweka ni wenye ploti ya nyuma, na ua uliotutenganisha ulikuwa na tundu ambalo mbwa wote wawili walilijua kuliko mimi.

Malkia alipewa vitamini K1 kwa muda wa mwezi mzima, akapona. Kwa hivyo, msomaji wangu, kama ni kweli ubongo wa Bosco ulivuja damu, huenda dawa yake ilikuwa vidonge. Nasema kama ni kweli kwa sababu hakuna aliyeona. Neno la yule daktari wa kwanza lilikuwa kisio, na mimi nililipokea kama hukumu ya mahakama.

Rai yangu leo ni kwamba hakuna mtu, awe daktari au jirani, anayeweza kumtazama mbwa kwa macho na kujua kwamba ubongo wake unavuja damu. Anayetaka kulisema hilo kwa hakika sharti awe na picha. Na asiye na picha, ama kwa kuwa haipatikani ama kwa kuwa haina bei ya kulipika, basi akiri kwamba hajui, na atende kama mtu asiyejua. Mtu wa namna hiyo hufanya kwanza vipimo vya bei nafuu, na hakimbilii kuua.

Hebu tuangalie damu hiyo yenyewe. Fuvu ni kama sufuria yenye kifuniko kilichochomelewa. Ndani mna ubongo, maji yanayouzunguka, na damu iliyo ndani ya mishipa. Damu ikitoka mshipani hakuna pa kwenda, kwa hivyo inausukuma ubongo, na ubongo ukizidi kubanwa huanza kupenya kwenye tundu la chini ambako uti wa mgongo unaanzia. Hapo pumzi hukatika. Lakini si kila damu inayovuja ni nyingi kiasi hicho. Doa dogo linaweza kumfanya mbwa apate kifafa au apofuke kwa siku kadhaa, kisha mwili ukalinyonya taratibu na mbwa akarudi kuwabwekea wauza mitumba. Yote hutegemea ukubwa wa doa, mahali lilipo, na kama kilicholileta kimepatiwa dawa.

Tatizo ni kwamba dalili hizo hizo huletwa na mambo mengine chungu nzima. Mbwa mzee anaweza kuamka kichwa kimepinda na macho yanacheza kwa sababu tu sehemu ya ndani ya sikio inayolinda mizani ya mwili imevurugika. Maradhi haya huwapata mbwa wazee mara nyingi, hayana uhusiano wowote na damu, na katika muda wa wiki moja hadi tatu mbwa wengi hupata nafuu bila dawa ya maana. Nashindwa kufikiria ni wazee wangapi wa aina hii waliodungwa sindano ya kifo siku ya kwanza kwa jina la kiharusi. Hata kiharusi chenyewe, katika mbwa, mara nyingi ni cha mshipa ulioziba wala si wa uliopasuka. Zamani wataalamu wa mifugo walidhani mbwa hupata kiharusi kwa nadra sana, na ni picha za kisasa zilizowasahihisha.

Picha gani basi? Wengi wetu tukisikia picha tunafikiri eksirei. Eksirei ya kawaida itakuonyesha fuvu lililovunjika, na hilo si haba kwa mbwa aliyegongwa na matatu, lakini ubongo na damu huonekana humo kama kivuli kimoja. Ile mashine inayowapiga picha akina mama wajawazito nayo haifai, kwa sababu mawimbi yake hayapenyi vizuri kwenye mfupa mzima wa fuvu. Labda kwa vile vijibwa vidogo sana ambavyo utosi wao haujafunga, kama aina ya Chihuahua, na hao katika mitaa yetu ni wachache.

Kuna mashine mbili zinazoweza kuiona damu. Ya kwanza ni CT, iliyobuniwa na Mwingereza Godfrey Hounsfield. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa kwa mashine hiyo katika hospitali ya Atkinson Morley, London, tarehe 1 Oktoba 1971. Mwaka wa 1979 Hounsfield alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg aliyekuwa amepiga hesabu za jambo hilo hilo kivyake. CT hutumia miali ile ile ya eksirei, ila inazunguka kichwa na kompyuta inaupanga ubongo vipande vipande kama mkate uliokatwa. Kila kitu hupewa nambari kulingana na uzito wake mbele ya miali: maji ni 0, hewa ni kutoa 1000, ubongo wenyewe ni 30 na ushei, na damu mbichi iliyoganda hufika kati ya 50 na 80. Kwa sababu hiyo damu mbichi hung'aa nyeupe katika picha, na hata mwanafunzi ataiona.

Uzuri wa CT ni haraka yake. Picha huchukua dakika chache, na mbwa aliyezirai huenda asihitaji hata dawa ya usingizi. Kasoro zake pia zipo. Baada ya siku kadhaa weupe ule hufifia, na damu ya wiki mbili inaweza kufanana na ubongo ulioizunguka. Mbwa aliyekwisha kupungukiwa na damu mwilini, kama alivyokuwa Malkia, damu yake haing'ai inavyopasa hata ikiwa mbichi. Isitoshe, mifupa minene ya kisogo cha mbwa hutia michirizi kwenye picha ya sehemu ya nyuma ya ubongo, mahali ambapo doa dogo tu linatosha kuua.

Ya pili ni MRI. Hii haitumii miali. Inatumia sumaku kubwa na mawimbi ya redio kuyasikiliza maji yaliyomo mwilini. Siri yake kuhusu damu ni chuma. Damu, kama tulivyofundishwa shuleni, ina madini ya chuma, na inapotoka mshipani na kuanza kuchakaa, chuma hicho huivuruga sumaku, na pale penye damu panatokea doa jeusi. Kuna namna maalumu ya kuiwekea mashine hiyo ili iyatafute madoa hayo hata yakiwa madogo kama punje ya uwele. Aidha damu hubadilika sura siku hadi siku, kutoka masaa ya kwanza, siku ya tatu, juma la pili, hadi miezi ambapo hubaki kutu tu, na msomaji hodari wa picha anaweza kukisia umri wa doa. Lakini mbwa hawezi kuambiwa alale kimya katika mashine yenye makelele ya kiwanda cha mabati. Sharti atiwe nusukaputi kwa muda wa karibu saa moja, na nusukaputi kwa mbwa ambaye ubongo umebanwa ni jambo la kufanywa na mtu anayeijua kazi yake.

Kuna jambo katika picha ambalo ningependa msomaji alishike. Doa moja kubwa humfanya daktari ashuku uvimbe au mshipa mmoja uliopasuka. Madoa mengi yaliyotawanyika humwambia kwamba shida haikuanzia kichwani. Imetoka mwilini: damu isiyoganda, shinikizo la damu lililopanda kwa sababu ya figo mbovu, au saratani iliyosambaa kutoka kwenye wengu. Huko Ulaya kuna pia mnyoo anayekaa katika mshipa wa mapafu, mbwa humpata kwa kumeza konokono, na mnyoo huyo huvuruga kuganda kwa damu hadi ubongoni. Anayemnunua mbwa kutoka Uingereza au Ufaransa na amweleze daktari wake hilo.

Sasa utaona kwa nini nasema vipimo vya bei nafuu vitangulie. Ikiwa shida imetoka mwilini, mara nyingi itakamatika mwilini, bila kugusa kichwa. Sumu ya panya ya aina iliyomuua jirani wa panya wetu (nisamehe mzaha) huizuia vitamini K isitumike tena mwilini. Mbwa akiila leo haonyeshi chochote. Dalili huja baada ya siku mbili hadi tano, wakati viungo vya kugandisha damu vilivyokuwa akibani vimekwisha. Mzee wa sumu hizi ni warfarini, iliyotokana na uchunguzi wa ng'ombe wa Marekani waliokuwa wakifa kwa kutokwa na damu baada ya kula majani ya malisho yaliyooza, na zilizokuja baadaye ni kali kuliko hiyo na hukaa mwilini kwa majuma. Ndiyo maana Malkia alitumia vidonge mwezi mzima. Daktari alinionya nimpe pamoja na chakula chenye mafuta ili viingie vyema mwilini, na nisimruhusu mtu yeyote kumdunga sindano ya msuli, kwa sababu mbwa wa namna hiyo huvuja damu hata pale sindano inapoingia.

Na kupe je? Yule kupe wa rangi ya kahawia anayejificha katika nyufa za banda hubeba vijidudu vinavyoitwa Ehrlichia canis, ambavyo hushusha zile chembe ndogo zinazoziba matundu ya mishipa. Mbwa mwenye ugonjwa huo anaweza kutokwa na damu puani, chini ya ngozi, machoni, na pia kichwani. Tone la damu chini ya darubini litamwonyesha daktari kama chembe hizo zimepungua. Dawa yake ni doksisaiklini kwa takribani siku 28, dawa inayopatikana hata katika maduka ya vitongojini. Sasa pima mwenyewe: ni busara gani kumpeleka mbwa aliyejaa kupe kwenye mashine ya mamilioni kabla ya mtu kutazama tone la damu yake?

Kwa hivyo mbwa wako akianguka, dai mambo haya kwa daktari, na udai kwa heshima: apime shinikizo la damu, aone kama damu inaganda, ahesabu chembe, atazame figo na sukari. Atazame pia mboni za macho kwa tochi. Mboni moja kubwa na nyingine ndogo, au zote kubwa zisizojali mwanga, ni ishara mbaya. Kuna kipimo cha alama kilichotoholewa kutoka kile cha Glasgow cha binadamu, chenye alama 3 hadi 18 kwa mbwa, ambacho daktari hujaza kwa kuangalia mwendo, macho na fahamu. Hakigharimu hata ndururu. Kikijazwa kila baada ya saa moja kitakuonyesha kama mbwa anapanda au anashuka, na mbwa anayepanda hahitaji sindano ya kifo.

Ukiwa bado nyumbani, usimpe maziwa. Maziwa hayaui sumu, na mbwa asiyejimudu huyavuta mapafuni. Mlaze juu ya ubao au blanketi, kichwa kikiwa kimeinuliwa kidogo tu, wala usimfunge mnyororo shingoni, maana ukiibana mishipa ya shingo unaipandisha damu kichwani. Na daktari akitaka kumdunga steroidi kwa sababu amegongwa kichwa, muulize kwa nini. Uchunguzi mkubwa uliofanyiwa binadamu zaidi ya 10,000 walioumia vichwa, uliochapishwa mwaka wa 2004, ulionyesha kwamba waliopewa dawa hizo walikufa kwa wingi kuliko wasiopewa. Madaktari wa mifugo waliojua hilo waliacha mazoea hayo. Wengine bado hufanya kama walivyofunzwa chuoni.

Picha basi itafutwe lini? Kwa maoni yangu itafutwe pale ambapo jibu lake litabadilisha kitakachofanywa. Mbwa aliyegongwa na gari, akapata nafuu, kisha akaanza kulala tena: huyo huenda ana donge la damu kati ya fuvu na ubongo, na kuna madonge ambayo hutolewa kwa upasuaji. Mbwa ambaye vipimo vyote vya damu ni safi na bado anapata kifafa kila siku. Mbwa ambaye daktari anataka kumchoma sindano ya kutoa maji ya uti wa mgongo: huyo apigwe picha kwanza, kwa kuwa kuyatoa maji hayo huku kichwa kimejaa damu kunaweza kuuvuta ubongo chini ukaziba lile tundu nililolitaja. Lakini ikiwa umeshaamua kwamba hutalipia upasuaji, na vipimo vya damu vimekwisha kukupa jibu, weka pesa zako. Zitumie kununua vitamini K.

Najua kuna msomaji ambaye tangu mwanzo ananung'unika. Mbwa apigwe picha ya ubongo ilhali kuna binadamu wanaongojea zamu ya mashine hiyo hiyo? Ndugu yangu, nakusikia, na ningekuwa nimeandika haya kuomba serikali inunulie mbwa mashine ningestahili kuzomewa. Siombi hivyo. Mashine za mifugo za namna hii ni chache hapa kwetu, na nchi nyingine madaktari wa mifugo walianza kwa kutumia mashine za hospitali za watu usiku, wagonjwa walipokwisha. Mwenye mbwa atalipa mwenyewe au hatalipa. Ninachoomba ni kile kichupa cha kioo na darubini, ambavyo kila kliniki inaweza kuwa navyo, na ulimi wa daktari uzoee kutamka "sijui bado".

Tena suala hili linamhusu binadamu kuliko unavyodhani. Yule jirani aliyewafungia watoto wake ndani alikuwa na busara kutushinda sote. Katika nchi yetu, mbwa yeyote anayebadilika ghafla, akawa anayumba, anadondosha mate au anauma hewa, sharti ashukiwe kuwa na kichaa cha mbwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hakuna CT wala MRI inayoweza kukuondolea shaka hiyo. Uthibitisho hupatikana katika maabara, kwa kuchunguza ubongo wa mbwa aliyekwisha kufa. Dalili za ugonjwa huo zikishamtokea mtu, karibu kila mara humuua. Kenya ilijiwekea lengo la kukomesha vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka wa 2030, na lengo hilo halitafikiwa kwa kuzika ushahidi kando ya ua.

Hayo ndiyo niliyoyafanya mimi. Chanjo ya Bosco ilikuwa imepitwa na miezi saba, na kosa hilo ni langu peke yangu. Asubuhi ile kijana wangu wa miaka tisa, kabla sijamwona, alikuwa amemfuta Bosco mate mdomoni kwa mkono mtupu, mkono wenye mkwaruzo wa mpira wa juzi yake. Yule daktari wa Malkia ndiye aliyeuliza swali ambalo yule wa kwanza hakuliuliza: nani aliyemgusa yule aliyekufa, na ubongo wake ulipelekwa wapi? Nilipomwambia tulimzika bila kipimo, alinyamaza kitambo. Kisha akaniamuru nimwoshe mtoto mkono kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, ingawa siku zilikuwa zimepita, na nimpeleke hospitalini siku hiyo hiyo.

Kijana alidungwa mfululizo wote wa sindano. Alizivumilia vizuri, akanililia mara moja tu, na kilio chenyewe hakikuwa cha maumivu. Alitaka kujua Bosco aliugua nini hasa. Sikuwa na la kumjibu. Wiki iliyofuata tuliziba tundu la ua kwa mawe na saruji, tukampeleka Malkia kuchanjwa, na nambari ya simu ya yule daktari msichana nikaibandika kwenye mlango wa jikoni, juu kidogo ya ile ya kituo cha polisi.